Kiatu, kisigino na boti ya mu mine

Wandugu, siku ya Mungu asubuhi vijana wa cité wanakimbia barabarani na viatu vya soli nene, vile wanaona ku televizyo. Toka Kipchoge alikimbia Vienne kwa saa 1:59:40 mu 2019, kila mutu anavitaka. Mu 2020 World Athletics ikaweka mpaka: soli isipite milimita 40 mu mashindano ya barabara. Sheria ile inalinda mashindano. Juu ya magoti ya mutoto wako haisemi kitu.

Mu 2010 Daniel Lieberman, profesa wa Harvard, na wenzake walitoa matokeo ya kupima wakimbiaji wa Kenya na wa Marekani. Wenye kuzoea kukimbia bila viatu, mara mingi walitua na sehemu ya mbele ya mguu. Wenye kuzoea viatu, wengi walitua na kisigino. Ukitua na kisigino bila kiatu, pigo inapanda moja kwa moja mu mfupa. Jaribu ku simiti, hatua tatu tu, utaniambia. Soli nene inapunguza ile maumivu, njo maana mutu anaendelea kupiga kisigino bila kujua. Lakini kiatu si yote: mu 2013 wengine walipima Wadaasanach wa kaskazini ya Kenya, wenye kukimbia bila viatu, na kwa mwendo wa pole wengi walitua na kisigino.

Wafanyabiashara hawakungoja. Vibram iliuza viatu vyembamba vya vidole, ikasema vinaleta afya. Watu wakaishtaki Marekani, na mu 2014 ikakubali kutoa dola milioni 3,75 ili kesi iishe. Tena mwenye kubadilisha kiatu ghafla anaweza kuumiza mifupa midogo ya mguu.

Na sisi? Mu mine tunatembea, na mu kutembea kisigino njo kinatangulia kwa kila mutu. Basi asikuje mutu kutuambia tuvue maboti, jiwe halina huruma. Shida yetu ni namba. Pahali fulani nilitumika, walituletea 43 kwa wote. Mwenye 40 akajaza makaratasi ndani, akawa anaburuta miguu, jioni mgongo unamuuma. Sefu akajibu: boti ni boti. Wadelege, mu mazungumzo na kompani tuombe hii kwanza: kila mutu apimwe mguu mbele ya maboti kununuliwa, na namba iandikwe ku fishi yake.