Adhana Mbili Katika Nyumba Moja

Ametujia mama mmoja katika wasomaji wetu kutueleza jambo lililomtia mashaka. Nyumbani mwake mna simu mbili, yake ya Android na ya bintiye ya iPhone, nazo zote zina programu moja ya nyakati za Swala. Asubuhi moja ya Ramadhani simu ya binti iliadhini kidogo ikakatika kabla ya kumwamsha mtu. Ya mama ikanyamaza hata jua likachomoza. Daku ikawapita, na Swala ya alfajiri ikawapita. "Je," auliza, "aliyeitengeneza ametuhadaa?"

Twamjibu: la. Kazi ya huyo mtengenezaji ni nzito kuliko tudhaniavyo, kwani programu iliyo moja kwa jina mara nyingi huwa ni mbili. Za iPhone, simu iliyotokea mwaka 2007, leo huandikwa zaidi kwa lugha iitwayo Swift. Za Android, iliyofuata mwaka 2008, kwa Kotlin au Java. Ziko zana, kama Flutter, ambazo kwazo mtu huandika mara moja akatumia kotekote, lakini hazibadili sheria za mwenye nyumba, na taabu imo katika sheria hizo.

iPhone haikubali sauti ya arifa ipitayo sekunde 30. Basi adhana hukatwa. Wala haikubali programu iweke arifa zinazongoja zaidi ya 64. Swala ni 5 kwa siku. Hesabuni: siku 12 na kitu, kisha kimya, mpaka mwenyewe aifungue tena. Android yaweza kuachia adhana isomwe yote, ila tangu mwaka 2015 huilaza simu isiyoguswa ili kuhifadhi betri, na baadhi ya viwanda vimezidisha ukali hata kuizima programu kabisa. Na simu haiguswi wakati gani, kama si usiku wa kuelekea alfajiri?

Basi mama aingie katika mipangilio ya betri aiondolee programu hiyo vizuizi, na binti aifungue yake kila juma. Nao wajue kwamba kijana aitengenezaye hulipa Apple dola 99 kila mwaka, na Google dola 25 mara moja, hata kama haombi senti; twachukia kuona akitukanwa.

Sisi wenyewe, twakiri, tungali twalala na saa ya kutia ufunguo kando ya mto.