Hawakueleweka, au Walieleweka Sana?

Wadau, kuna msemo umekuwa fasheni siku hizi. Mtu akikosolewa kidogo tu utasikia, "Hamnielewi kwa sababu niko mbele ya wakati." Ukibisha, anakutajia wanasayansi wakubwa waliopuuzwa enzi zao. Sasa hebu tuangalie kisa kimoja, maana mimi naona shida ya wale watu haikuwa kutoeleweka.

Miaka ya 1840 kulikuwa na daktari Mhungaria, Ignaz Semmelweis, akifanya kazi hospitali kuu ya Vienna, Austria. Wodi za wazazi zilikuwa mbili: moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Cha ajabu, homa ya uzazi ilikuwa inaua zaidi kwenye wodi ya madaktari. Kina mama walikuwa wanaomba kabisa wasipelekwe huko.

Mwaka 1847 daktari mwenzake alikatwa kisu kwa bahati mbaya kwenye kazi ya kupasua maiti, akafa na dalili zile zile. Hapo jamaa akaunganisha mambo. Madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti, wanakwenda moja kwa moja kuzalisha! Wakunga hawakuwa na kazi hiyo. Akaagiza kila mtu anawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kumgusa mzazi. Aprili mwaka huo, katika kila wazazi 100 wa wodi ile walikufa zaidi ya 18. Juni walikuwa kama 2 tu.

Ungetegemea apewe tuzo. Wapi! Wakubwa wengi walimpinga, na mwaka 1849 akapoteza nafasi yake pale. Mwaka 1865 alifia kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, akiwa na miaka 47.

Sasa niambieni, "naweni mikono" ni hoja ngumu kiasi gani hadi maprofesa washindwe kuielewa? Kweli, habari za vijidudu zilikuwa bado hazijathibitishwa, na yeye mwenyewe alichelewa mno: kitabu chake kilitoka mwaka 1861, halafu akaanza kuwaandikia wapinzani barua za kuwaita wauaji. Lakini hesabu za vifo zilikuwepo. Kuzikubali kulimaanisha daktari mzima, mwenye heshima zake, akiri kwamba wale kina mama waliuawa na mikono yake. Nani angelala usingizi? Rahisi ni kusema jamaa kachanganyikiwa. Nyani haoni kundule, hata akiwa profesa.

Kwa hiyo wewe uliye mbele ya wakati, kupingwa peke yake siyo cheti. Semmelweis alikuwa na hesabu za waliokufa na waliopona. Wewe una nini mkononi?

Na sisi wapingaji tusijifiche. Ukisikia wazo likakupandisha hasira ghafla, jiulize: nalikataa kwa sababu ni uongo, au kwa sababu likiwa kweli lawama inaniangukia mimi? Maana kiburi cha Vienna hawakukilipia maprofesa. Walikilipia kina mama waliokwenda kujifungua, ambao leo hata majina yao hatuyajui.