Kuuza na kurithi nyumba Mombasa: bei ni moja, makato ni mengi

Familia nyingi za kwetu zilizoko Muscat, Dubai na Doha bado zina nyumba au kiwanja Mombasa, Malindi au Lamu. Mzee akifariki, au watoto wakiamua kuuza, ndipo watu wanagutuka: bei aliyoitaja dalali siyo hesabu ya mwisho.

Tuanze na mnunuzi. Kenya inatoza ushuru wa stempu wa asilimia 4 kwa ardhi ya mjini na asilimia 2 kwa ya mashambani. Nyumba ya shilingi milioni 10 mjini Mombasa maana yake ni 400,000 kabla jina halijabadilishwa kwenye hati. Juu yake kuna ada ya wakili, ambayo kiwango chake cha chini kimewekwa na sheria kwa kufuata bei, na ada hiyo nayo ina VAT ya asilimia 16.

Waliozoea Dubai watasema mbona huko nako ni asilimia 4. Kweli, lakini Dubai mtu binafsi hatozwi kodi kwa faida ya kuuza nyumba yake. Kenya anatozwa, na hapo ndipo muuzaji anapoumia. Kodi hiyo ilikuwa asilimia 5, na tangu Januari 2023 ni asilimia 15 ya faida. Ukinunua kwa milioni 4 ukauza kwa milioni 10, faida ni milioni 6 na kodi ni 900,000, kabla ya kutoa gharama ulizo na risiti zake. Kwa hiyo risiti za fundi na za wakili zisitupwe.

Sheria inamsamehe aliyeishi mwenyewe katika nyumba hiyo miaka mitatu mfululizo kabla ya kuuza. Lakini sisi tulioko Ghuba nyumba zetu zina wapangaji au zimefungwa, basi msamaha huo unatupita.

Wako wanaoandika bei ndogo kwenye mkataba ili wapunguze ushuru. Hasara yake ni mbili. Kwanza, mthamini wa serikali anafanya makadirio yake, na yakiwa juu ya bei iliyoandikwa, ushuru unafuata makadirio. Pili, siku mnunuzi atakapouza, ile bei ndogo ndiyo itakayohesabiwa kuwa gharama yake, na faida itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Alichokwepa leo kwa asilimia 4 atakilipa kesho kwa asilimia 15.

Mirathi ina njia yake. Mrithi kupewa fungu lake siyo mauzo, wala hatozwi kodi ya faida. Ndugu mmoja akinunua mafungu ya wenzake kwa pesa, hayo tena ni mauzo. Mahakama ya Kadhi inaamua mirathi ya Waislamu waliokubali kufika mbele yake, lakini jina halibadiliki mpaka amri ifike ofisi ya usajili wa ardhi. Kila mwaka wa kuchelewa unaongeza warithi, na kila mrithi mpya ni sahihi nyingine ya kutafutwa.

La uraia nalo lisisahauliwe. Kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010 kinasema asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodi, isiyozidi miaka 99. Oman kwa kawaida hairuhusu uraia wa nchi mbili, kwa hiyo aliyechukua pasi ya Oman aulize mapema hati ya baba yake itasomekaje ikija kwa jina lake.

Na kuna nyumba zetu za Mombasa zisizo na ardhi: kuta ni zako, kiwanja ni cha mwingine unayemlipa kodi ya ardhi. Hapo unauza jengo tu, na kabla ya yote mwenye ardhi ajulikane na deni lake lilipwe.

Aliyeko mbali atamtumia mtu kwa hati ya uwakala. Iandikwe kwa nyumba moja na kazi moja, ishuhudiwe inavyotakiwa na sheria, na isajiliwe Kenya. Kabla ya kutia sahihi, mwambieni wakili awape kwa maandishi kila gharama, nani anailipa na inalipwa wapi. Ushuru wa serikali una risiti ya serikali. Pesa isiyokuwa na risiti, iulizeni kabla haijatoka mfukoni.