Jeraha Lisiloonekana



Juma hili tumependa kuwaalika mtafakari pamoja nasi maisha ya mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kusimama kati ya milingoti miwili na kuzuia. Jina lake ni Briana Scurry, aliyeilindia lango timu ya taifa ya wanawake ya Marekani tangu mwaka 1994 hadi 2008, katika mechi 173. Huenda wengi wetu hatujapata kulisikia jina hilo, wala si ajabu, maana hata huko kwao watu huwakumbuka waliofunga kuliko aliyezuia. Lakini hatumtaji kwa ajili ya umaarufu wake. Tunamtaja kwa sababu ya yale yaliyompata baada ya makofi kwisha.

Alizaliwa tarehe 7 Septemba 1971 katika jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota, akiwa kitindamimba wa familia ya watoto tisa. Mwaka uliofuata, 1972, nchi yake ilipitisha sheria iliyokataza shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia yake, nayo sheria hiyo ndiyo iliyokuja kuwafungulia wasichana wa Marekani viwanja vya michezo. Hata hivyo sheria ni jambo moja na mji mdogo ni jambo jingine. Huko Dayton alikokulia, binti huyu alianza kucheza soka katika timu ya wavulana, msichana peke yake miongoni mwao. Kocha akamweka golini kwa wema kabisa, akidhani kwamba mahali hapo ndipo msichana atakapokuwa salama zaidi, mbali na vurugu za katikati ya uwanja. Tunawaomba wasomaji wasiisahau habari hiyo.

Golini akapapenda. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, na mwezi Machi 1994 akaidakia timu ya taifa kwa mara ya kwanza, dhidi ya Ureno, bila kuruhusu bao. Mwaka 1996, michezo ya Olimpiki ilipofanyika Atlanta na soka ya wanawake ikaingizwa kwa mara ya kwanza, alirudi nyumbani na medali ya dhahabu. Katika timu ambayo karibu wote walikuwa weupe, yeye alikuwa mweusi aliyeonekana kila siku katika kikosi cha kwanza, na wasichana wengi weusi walioutazama mchezo huo kwenye televisheni walijiona ndani yake.

Kisha ikaja tarehe 10 Julai 1999, fainali ya Kombe la Dunia katika uwanja wa Rose Bowl, Pasadena. Watazamaji walikuwa 90,185. Marekani na China zilicheza dakika tisini, zikacheza na muda wa nyongeza, hakuna aliyepata bao. Ikabidi mikwaju ya penalti iamue. Wachina walipiga kwanza, wakafunga miwili ya mwanzo; Wamarekani nao vivyo hivyo. Wa tatu kwa upande wa China alikuwa Liu Ying. Scurry alijirusha kushoto kwake akaupangua mpira. Hakuna mwingine aliyekosa katika mikwaju yote iliyofuata, kwa hiyo mpanguo ule mmoja ndio uliokuwa tofauti ya timu hizo mbili.

Hatutaficha kwamba alisogea mbele ya mstari kabla ya mpira kupigwa, jambo ambalo kanuni hazikuliruhusu, naye mwenyewe hakulikana baadaye. Mwamuzi, Nicole Petignat wa Uswisi, hakupuliza filimbi. Wachina walinung'unika, nasi tungekuwa upande wao tungenung'unika pia. Lakini picha iliyozunguka dunia siku ya pili haikuwa ya mpanguo huo wala ya malalamiko hayo. Ilikuwa ya Brandi Chastain, aliyefunga penalti ya tano na ya mwisho, akiwa amepiga magoti na jezi mkononi. Ndivyo ilivyo kazi ya mlinda mlango: akikosea hukumbukwa miaka, akizuia hushangiliwa mwingine.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupanda na kushuka. Katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 alikaa benchi. Akajikaza, akairudia nafasi yake, na mwaka 2004 huko Athens akapata dhahabu ya pili, Brazil ikifungwa 2–1 katika muda wa nyongeza. Mwaka 2007, akiwa tena mchezaji wa akiba, kocha wake alimwita ghafla acheze nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Brazil huko Hangzhou, mahali pa kipa kijana Hope Solo aliyekuwa akicheza vizuri. Walifungwa mabao manne kwa sifuri. Solo alisema hadharani kwamba yeye angeyazuia mabao yale, na maneno hayo yalikuwa mazito kuliko mabao yenyewe. Scurry hakuomba kupangwa siku ile, aliitwa, akaitika.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Tarehe 25 Aprili 2010, akiwa na umri wa miaka 38, alikuwa akiidakia Washington Freedom dhidi ya Philadelphia Independence katika ligi ya kulipwa. Mpira ulikuja chini, akainama kuuchukua, na mshambuliaji aliyekuwa akikimbilia mpira huohuo akamgonga kwa goti kwenye panja la kulia. Hakukuwa na damu. Hakukuwa na mfupa uliovunjika. Akasimama, akaendelea kucheza hadi mapumziko, huku akiona mambo yakiyumba. Baada ya kipindi kile hakucheza tena mechi ya mashindano maisha yake yote.

Alikuwa amepata mtikisiko wa ubongo, na haukupona kama walivyotazamia. Maumivu ya kichwa yalikuwa ya kila siku, yakianzia nyuma ya sikio. Mwanga na kelele vilimchosha. Kumbukumbu ilimtoroka, mwili ukapoteza ulinganifu wake, na juu ya hayo yote likashuka giza la sonona. Mtu aliyesimama imara mbele ya watu elfu tisini akawa hawezi kukaa sebuleni taa zikiwaka. Na alipohitaji matibabu, kampuni ya bima iliyopaswa kuyagharimia ikawa na mashaka, ikakawia, ikabishana naye juu ya kipi kinahitajika na kipi hakihitajiki. Miezi ikawa miaka.

Fedha zikaisha. Akachukua medali zake mbili za dhahabu za Olimpiki, ile ya Atlanta na ile ya Athens, akaziweka rehani kwa dola 18,000 ili apate kuishi. Ilifika siku akasimama kwenye ukingo juu ya maporomoko ya maji katika mji wa Little Falls, New Jersey, akiwaza kujitupa. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba kilichomrudisha ni kumfikiria mama yake, na namna habari hiyo ingemfikia.

Wapendwa, hapa ndipo tungependa tukae kidogo. Tunajiuliza: lingekuwa goti lile limeuvunja mguu wake, je, angebishiwa? Mguu wenye plasta hauhitaji shahidi. Watu huupisha njiani, huubebea mizigo, huuletea uji. Lakini mtu aliyeumia ndani ya fuvu la kichwa hutembea kwa miguu yake, huvaa vizuri, huitikia salamu, na kwa sababu hiyo hiyo hudhaniwa kuwa mzima. Nani kati yetu hajapata kusikia, au hata kutamka, maneno haya: "Mbona yuko mzima tu, anajidekeza huyo"? Husemwa juu ya mke anayeshinda kitandani na vipimo havionyeshi kitu. Husemwa juu ya kijana aliyeanguka na pikipiki, akatoka hospitalini bila mshono hata mmoja, lakini tangu siku ile hasira zake hazieleweki na masomo hayaingii. Husemwa juu ya mwalimu aliyeacha kucheka. Mtume Tomaso alitaka atie kidole chake ndipo asadiki, naye angalau alionyeshwa makovu. Mgonjwa wa namna hii hana kovu la kumwonyesha mtu.

Tunathubutu kusema kwamba mashaka hayo ni pigo la pili, na kwamba mara nyingine huwa kubwa kuliko la kwanza. La kwanza lilimpata Scurry kwa bahati mbaya, katika mchezo, bila mtu kumkusudia ubaya. La pili lilitolewa polepole, kwa barua na kwa simu, na watu waliokuwa timamu na waliokuwa na muda wa kufikiri. Wapo watakaotuambia kwamba bima haiwezi kulipa kila anayesema anaumwa, na kwamba walaghai wapo. Ni kweli wapo. Lakini huyu hakuwa mgeni aliyeokotwa njiani; pigo lake lilitokea uwanjani mbele ya mashahidi, na maisha yake yote yalikuwa ushahidi kwamba hakuwa mtu wa kuikimbia kazi. Kama hata yeye ilimbidi abembeleze kuaminiwa, tufikirie hali ya mpagazi sokoni aliyeangukiwa na gunia kichwani, asiye na medali ya kuweka rehani.

Mambo yalianza kugeuka walipopatikana watu wachache waliomwamini, wakapaza sauti mbele ya walipaji hao. Mwezi Oktoba 2013 alifanyiwa upasuaji mjini Washington katika mishipa ya fahamu ya kisogoni, ile iliyokuwa chanzo cha maumivu yale ya kila siku, na maumivu yakaachia. Tiba ya kuurudisha ubongo katika utaratibu wake iliendelea muda mrefu baadaye. Medali zake nazo zilikombolewa. Mwezi Machi 2014 alikwenda mbele ya kamati ya Bunge la Marekani akaeleza yaliyompata, wala hakujionea haya kusema habari za sonona na za kukata tamaa. Mwaka 2017 alichaguliwa kuingia katika Jumba la Heshima la soka la nchi yake, mlinda mlango wa kwanza mwanamke na mwanamke mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Mwaka 2022 alitoa kitabu cha maisha yake. Kwa maoni yetu, kusema kule bungeni kulikuwa na faida kwa watu wengi kuliko mpanguo wa Pasadena, ingawa hakuna aliyesimama akashangilia.

Nasi tunaosimamia michezo ya vijana, katika mashule, vigangoni na mitaani, tuna la kujifunza hapa kabla ya mashindano mengine kuanza. Tumezoea kumsifu mtoto anayegongwa kichwa, akamwagiwa maji, akarudi uwanjani. Tunamwita shujaa. Madaktari wanatuambia vingine: aliyegongwa kichwa akapepesuka, akasahau matokeo, akalalamikia mwanga au akatapika, atolewe na asirudi siku hiyo, hata kama analia kutaka kucheza, hata kama ni fainali na mbuzi wa zawadi amefungwa pale kwenye mti. Ubongo uliotikiswa ukipata pigo jingine kabla ya kupona huweza kudhurika vibaya zaidi. Asiachwe peke yake jioni ile, apelekwe zahanati au hospitali, na shuleni asisukumwe mpaka kichwa kitulie. Haya hayahitaji fedha za Ulaya. Yanahitaji mtu mzima mmoja pembeni ya uwanja ambaye yuko tayari kulaumiwa na mashabiki.

Wakubwa wa mchezo wenyewe wamekwenda polepole. Mwaka 2015 chama cha soka cha Marekani, baada ya kushtakiwa na wazazi, kilikubali kwamba watoto wa miaka kumi na chini yake wasipige mpira kwa kichwa. Kanuni inayoyaruhusu mashindano kumbadilisha mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo bila kuhesabiwa katika nafasi za kawaida za kubadilisha ilianza kwa majaribio mwaka 2021, na ikaingia katika sheria za mchezo mwaka 2024. Siku ile ya Aprili 2010 haikuwapo. Filimbi ilipopulizwa mchezo uendelee, mlinda mlango alirudi kati ya milingoti, pale pale ambapo kocha wake wa utotoni aliamini kuwa ni mahali salama kuliko pote, akangoja mpira unaofuata.