Mashine Haijui Matasia

Kwa watu wa hifadhidata kuna imani iliyogeuka dini: usiifundishe optimaiza kazi yake. Wewe sema unachotaka, njia itaichagua yenyewe. Ukiona unahitaji kuipa kidokezo, basi kasoro ni yako: takwimu zako zimechakaa, majedwali umeyapanga ovyo, au SQL huijui. Waundaji wa PostgreSQL wameishikilia imani hii kwa miaka mingi, na wafuasi wao hapa Kenya huihubiri kwa ukali kuliko wao.

Ni imani ya majivuno. Chukua jedwali la wateja wa maji wa kaunti ya Kajiado, lenye safu ya kaunti ndogo na safu ya mtaa. Tuseme mteja 1 kati ya 5 yuko Kajiado Kaskazini, na 1 kati ya 50 yuko Matasia. Uliza wateja wa Matasia, Kajiado Kaskazini, na optimaiza itazidisha: 1 kati ya 250. Haijui kwamba Matasia iko kati ya Ngong na Kiserian, wala kwamba aliye Matasia tayari yuko Kajiado Kaskazini. Imekosea mara 5 kabla hata ya kuanza kazi. Ongeza sharti jingine la namna hiyo, na jingine, kosa linazaa kosa, mpaka inategemea rekodi 4 na kukumbana na 40,000. Kwa kuwa iliamini ni 4, ilishaamua kuyafuata malipo ya mteja mmoja baada ya mwingine katika jedwali la malipo, na ripoti ya sekunde mbili inakula asubuhi nzima.

Dhana kwamba masharti hayahusiani si ajali. Imo tangu System R ya IBM, katika makala ya Patricia Selinger na wenzake ya 1979, na kwa enzi ile ilikuwa werevu mkubwa. Lakini ni kukisia, na anayekisia hana haki ya kukataa kuambiwa.

Nitajibiwa kwamba tangu toleo la 10, mwaka 2017, PostgreSQL ina CREATE STATISTICS ya kuieleza kuwa safu fulani zinategemeana. Sawa, itumike. Ila inahusu safu za jedwali moja. Ukiunganisha wateja na malipo, uhusiano kati ya majedwali hayo mawili haiuoni.

Kinachoniudhi zaidi ni unafiki. Vidokezo havijawahi kukosekana, vimefichwa tu. Mtu hubandika OFFSET 0 ndani ya swali, au hujumlisha sifuri kwenye safu ili indeksi isitumike. Wengine kwa miaka walitumia WITH kama ukuta, kwa sababu optimaiza ilikuwa haiuvuki. Toleo la 12 lilipoubomoa ukuta huo mwaka 2019, likaleta neno MATERIALIZED kwa anayetaka kuujenga upya. Hicho ni nini kama si kidokezo? Tofauti ni kwamba cha wazi atakisoma na kukielewa yeyote atakayekuja baada yako, ilhali OFFSET 0 ataifuta akidhani ni uchafu.

Hoja moja ya wapinzani ina uzito: kidokezo huzeeka. Sensa ya 2009 iliikuta Kajiado na watu 687,312. Ya 2019 ikakuta 1,117,840. Njia iliyofaa jedwali la wakati ule huenda leo ni balaa. Lakini hata mpango wa optimaiza hubadilika takwimu zikibadilika, mara nyingine usiku wa manane kabla ya kufunga hesabu za mwezi, na hapo hakuna wa kumuuliza.

Kwa hiyo nadai vidokezo bora, si kuvipiga marufuku. Amri ya EXPLAIN, inayoanika mpango wa optimaiza, ionyeshe gharama ya njia niliyoilazimisha kando ya ile ambayo mashine ingeichagua. Na kidokezo nilichokosea kuandika kinipigie kelele, kisipuuzwe kimyakimya kama Oracle ilivyozoea kufanya hadi toleo la 19c lilipoleta ripoti ya vidokezo vilivyotumika na vilivyotupwa.