SAFU YA AFYA: Sumu ya Sifongo na Dawa ya Hospitali



Mwezi huu tunamzungumzia kiumbe ambaye wengi wetu tunamjua kwa kuogea tu, naye ni sifongo wa baharini. Sifongo ni mnyama, si mmea. Hana macho wala miguu. Hujishikiza mwambani, akavuta maji kwa vitundu vyake na kuchuja riziki yake humo. Asiyeweza kukimbia hana budi kuwa na silaha, na silaha ya sifongo wengi ni sumu.

Katika Bahari ya Mediterania yuko sifongo aitwaye Suberites domuncula, aotaye juu ya ganda la konokono ambamo kaa mdogo amefanya makazi. Kaa humchukua huku na huku, naye sifongo humkinga kaa na maadui. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Italia waliitenga sumu yake wakaiona kuwa ni protini, wakaiita suberitini. Ikikutana na chembe nyekundu za damu ya binadamu, protini hiyo huzipasua, na vilivyomo ndani vikamwagika.

Msomaji atauliza: hayo yatuhusu nini? Yatuhusu, kwani saratani ni seli za mwili zilizoasi na kuzaana bila kikomo, na mwenye kuitibu hutafuta kitu cha kuziua. Suberitini yenyewe haikufaa kuwa dawa, maana mpasuaji asiyechagua humdhuru mgonjwa pamoja na ugonjwa. Lakini sifongo wana sumu nyingine, ndogo kuliko protini, na baadhi yake zimetufikisha hospitalini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkemia Werner Bergmann alitangaza vitu vigeni alivyovipata katika sifongo wa pwani ya Florida. Kwa kuviiga, wataalamu walitengeneza saitarabini, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1969 na ambayo ingali ikitumika. Dawa hiyo huizuia seli isiweze kunakili maandishi yake ya urithi, ikashindwa kuzaana.

Huko Japani, mwaka 1986, Hirata na Uemura walieleza sumu iitwayo halikondrini. Kilo 600 za sifongo ziliwapa miligramu 12.5 tu za aina moja ya sumu hiyo! Ilibidi basi wataalamu wajifunze kuiunda wenyewe, na kutokana na kazi hiyo ikapatikana eribulini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010 kwa saratani ya matiti iliyokwisha kuenea. Tangu sifongo hadi sindano ilipita miaka 24 ya kupima na kupima tena.

Tumeyaeleza haya kwa sababu wako miongoni mwa jamaa zetu wanaoambiwa kwamba dawa za saratani ni sumu, wakaingiwa na hofu, wakaacha matibabu katikati na kukimbilia chupa zisizojulikana zimetiwa nini. Ni kweli, nyingi katika dawa hizo ni sumu. Ndiyo maana nywele huanguka na kichefuchefu humshika mgonjwa, kwani seli nzima nazo huguswa. Lakini ni sumu iliyojulikana, iliyopimwa kwa uzito wa mgonjwa na kuangaliwa kwa vipimo vya damu. Ile ya chupa haina mizani wala mwangalizi.

Kwa hiyo tunawasihi: mwenye mgonjwa amuulize daktari jina la dawa, kazi yake na madhara yake. Asiyeijua lugha ya nchi aombe mkalimani, wala asimtwike mtoto mdogo kazi ya kufasiri habari nzito kama hizo. Na mwenye kutumia miti shamba asimfiche daktari, kwani baadhi yake hugombana na dawa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua.

Dini yetu imetuamrisha kutafuta tiba, na shifaa inatoka kwa Mwenyezi Mungu. Awaponye wagonjwa wetu wote, amin.