Nyayo za Mbaraka Zinapita Iringa

Shule zetu za Nyanda za Juu Kusini zinajua kutembea. Mabasi ya wanafunzi huteremka kutoka Mafinga hadi Kalenga, kuliona fuvu la Mtwa Mkwawa lililorejeshwa mwaka 1954. Huingia Isimila kutazama zana za mawe za watu wa kale, na shule zenye uwezo hufika Mikumi kutazama tembo. Ziara hizo ni njema. Ugomvi nilio nao ni na walimu wenzangu wa Kiswahili, ambao huwaachia wa historia na wa biolojia waondoke na wanafunzi, wao wakabaki darasani wakiandika ubaoni maana ya neno "mtunzi".

Hoja yangu ni moja. Maisha ya mtunzi wa nyimbo ni somo la fasihi, na somo hilo lina mahali pake pa kwenda, wimbo ukiwa mkononi. Sisi wa Mafinga hatuna sababu ya kungoja watu wa Morogoro au Dar es Salaam watuanzishie.

Namtaja Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Atakayemfuata toka mwanzo hadi mwisho atachakaza viatu. Ataanzia Mzenga, Kisarawe, alikozaliwa mwaka 1944. Atapita Morogoro, ambako gitaa lake liliikuza Morogoro Jazz na ambako Salum Abdallah na Cuban Marimba walikuwa wamekwisha kutengeneza njia. Atavuka bahari hadi Osaka, Japani, bendi ilikokwenda kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Atarudi kuikuta Super Volcano ya mwaka 1973, kisha ataingia Kenya, ambako "Shida" ilimpa jina kubwa, na atakomea Mombasa, ajali ya gari ilipomchukua Januari 1979 akiwa na miaka 34. Njia hiyo ni ndefu kwa mfuko wa shule. Lakini kipande chake kimoja kimo mkoani Iringa, nacho ndicho ninachokidai.

Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, huko Isimani, kaskazini ya mji wa Iringa kwenye barabara ya Dodoma, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa, aliyekuwa akisimamia uanzishaji wa vijiji vya ujamaa. Mwamwindi aliupakia mwili garini, akaupeleka mwenyewe polisi mjini Iringa. Alishtakiwa, akahukumiwa kifo. Chuo cha ualimu cha Iringa kikapewa jina la Kleruu, na Mbaraka akatunga wimbo wa kumwomboleza, wenye jina hilohilo.

Basi ziara ianzie langoni pa chuo hicho. Wanafunzi wausikilize wimbo mara mbili. Mara ya kwanza wakae kimya. Mara ya pili waandike maneno kwa mkono wao, wabishane palipo na neno lisilosikika vizuri. Kisha wapande basi hadi Isimani, washuke, watembee, wawasalimu wazee na kuwauliza. Mbele ya mashamba yale waulizane maswali ya fasihi: ni nani anayelia ndani ya wimbo huu? Anamlilia nani, na kwa niaba ya nani? Ni nani hasikiki?

Swali hilo la mwisho ndilo linalonifanya niipiganie ziara hii. Wimbo wa maombolezo humlilia aliyekufa. Hiyo ndiyo kazi yake, wala simlaumu mtunzi kwa kuifanya. Lakini Isimani ilikuwa na zaidi ya kilio kimoja. Walikuwapo wakulima wa mahindi, wengine wenye matrekta, walioambiwa kwamba shamba walilolifyeka wenyewe sasa ni la kijiji. Bendi zilirekodiwa na redio ya taifa, na redio ilikuwa hiyo hiyo moja. Mwanafunzi akisimama pale na maneno ya wimbo mkononi, ataona mpaka wa wimbo ulipo: wapi unaishia, na wapi ardhi inaendelea kusema. Ubaoni hataona hilo hata umpe kipindi kizima. Kumfuata mtunzi si kumwabudu. Ni kuyarudisha maneno yake mahali yalipotoka, yakapimwe hapo.

Wapo watakaonijibu kwamba muziki wa dansi si ushairi, hauna vina wala mizani. Hoja hiyo imechelewa. *Kichomi* ya Kezilahabi ilitoka mwaka 1974 bila kufungwa na vina wala mizani, tukaipigia kelele, kisha tukaiingiza darasani. Isitoshe, tunawafundisha watoto kwamba nyimbo ni tawi la ushairi katika fasihi simulizi. Twaukubalije wimbo wa jandoni na wa kutwanga, kisha tuukatae ule uliopigiwa gitaa?

Wengine watasema kazi hiyo ni ya watu wa utalii. Nawaomba watazame Unguja. Mtaa wa Shangani una jumba la makumbusho la Freddie Mercury, na wageni hupelekwa kupiga picha mlangoni. Alizaliwa Unguja mwaka 1946, wana haki ya kumkumbuka. Ila nyimbo zilizompa sifa ni za Kiingereza. Utalii humfuata mgeni na fedha yake. Lugha yetu itafuatwa na nani, kama mwalimu wa Kiswahili amekaa?

Nalo jina "zilipendwa" limetudhuru. Kiambishi -li- kinatangaza kwamba mapenzi yamekwisha, na hali kila harusi watu huinuka zikipigwa. Hatusemi kwamba *Kusadikika* ya Shaaban Robert "kilipendwa". Twasema ni kitabu. Tuseme basi kwamba huu ni utungo, na kwamba mtunzi wake ana jina. Chanda chema huvikwa pete, na pete ya mtunzi ni kusomwa.

Siombi mnara wala tamasha. Naomba basi moja la shule, siku moja ya muhula ujao, simu yenye wimbo ndani yake na daftari kwa kila mwanafunzi. Mwalimu wa historia aalikwe, maana tutamhitaji tukifika Isimani. Na jioni, kila mmoja aandike beti chache kwa sauti ya yule ambaye wimbo haukumpa nafasi ya kusema.